Kosa la Nzi

Niliposema siku hizi nafunga nzi,
fundi baiskeli wa Mwanga aliacha spoku akaniuliza:
"Nzi hufungwa kwa kosa gani? Miezi mingapi?"
Nikamwonyesha ndoano namba nane,
unyoya wa kanga, uzi mwekundu wa cherehani.
Akaigeuzageuza juani.
"Huyu," akasema, "kesho yuko nje kwa dhamana."

Nilikuwa na elfu kumi na tano na aibu yangu.
Bi Sikudhani wa Ujiji alikuwa anauza vitabu vya marehemu mumewe,
mtu wa injini za meli,
aliyesimama Kibirizi kila Jumapili
akirusha manyoya juu ya maji
kama anayemchapa mtu asiyeonekana.
Vilikuwa uvunguni, ndani ya boksi la sabuni,
vinanuka vanishi.

Cha kwanza kizito kama pasi ya mkaa.
Picha zinang'aa, kila nzi kavaa ya harusi.
Nikatafuta vidole. Hamna hata kimoja.
Kitabu cha kazi ya mikono kisicho na mikono
ni picha ya pilau ukutani mwa hoteli.

Kingine kinawajua wadudu kwa Kilatini,
na mito yenye barafu ukingoni,
na samaki wapole wanaokula kwa saa.
Hakimjui kibebe wa Malagarasi
akatavyo uzi kama karani anavyokata jina.
Hata hivyo nusura nikichukue.
Nakiri: jalada la kijani, herufi za dhahabu.
Nilishajiona napita nacho stesheni
watu wananiamkia.

Cha chini kabisa hakikuwa na jalada.
Kurasa zimegandana kwa gundi,
gamba la samaki limekaukia ukurasa wa arobaini,
na pembeni, kwa penseli:
*Uongo. Zungusha mara tano, si tatu.*
*Bata hafai. Kanga, unyoya wa ubavuni.*
*Kwa kibebe tia waya. Tumepoteza saba.*
Na chini yake, kwa hasira, penseli imetoboa karatasi:
*Aliyesema nzi kufia kidondani si hasara
hakuwahi kufunga hata mmoja.*

Tumepoteza.
Nikakwama kwenye hiyo *tu*.

"Mzee alikuwa na mwandiko mzuri," nikasema.
Bi Sikudhani akacheka hadi kanga ikamdondoka,
hii ya nguo.
"Macho yake yalimtangulia kufa, miaka tisa.
Yeye alirusha. Nzi nilifunga mimi,
usiku, mlango na komeo,
wasije wakasema mke wa mtu
anakesha na manyoya na uzi mwekundu."

Karatasi ya sitini na moja na sitini na mbili haipo.
Ndipo lilipokuwa fundo la kichwa, la mwisho,
lisipokaza, yote hufumuka.
"Iko wapi?"
"Niliwashia jiko. Nilishaijua."

Elfu kumi na mbili za kitabu.
Tatu za karatasi isiyokuwepo,
aliyonisomea kwa vidole pale mkekani,
mara mbili haraka, mara moja polepole,
akilamba uzi kwanza.

Nzi wangu wa kwanza alifanana na mswaki wa bweni.
Wa pili sitaki kumzungumzia.
Wa sita nilimpeleka Mwanga.
Fundi akamvuta kwa koleo, akamvuta tena,
akafuta mikono kwenye suruali.
"Huyu," akasema, "kafungwa maisha."

Ziwani bado sijapata kitu, zaidi ya kofia yangu mwenyewe.

Mahali pa sitini na mbili nimebandika karatasi ya daftari.
Nimeandika, nikakata. Nikaandika, nikakata.
Mpaka leo ina mstari mmoja:
*Lamba uzi kwanza.*
Yaliyobaki mkono unayajua,
mdomo bado.